Contrôle Imehamia Jeudi

Sehemu ya tisa

Tangazo rasmi kwa wakazi wote wa Kisangani, wa ukingo wa kulia na wa kushoto, pamoja na wale wa Isangi ambao gazeti huwafikia likiwa tayari limefungia samaki: leo mtamwona Nuru binti Mahmoudi, mkurugenzi wa shirika la Vuka Salama, akiikabili Serikali ya Mkoa ana kwa ana. Amesimama wima. Kichwa juu. Macho makavu.

Yuko chini ya meza.

Tena goti lake moja limekanyaga chikwangue ya jana, ule mkate wa muhogo, kitambaa chake cha kichwani kimenasa kwenye msumari, na mkononi ameshika cachet ya shirika, ule mhuri wa mpira ulioviringika mpaka ukutani ukamfanya ainame katika dakika mbaya kuliko zote. Wiki jana tulimwacha hapo hapo. Alisikia viatu. Alisikia mlango ukivutwa. Alisikia ufunguo ukizunguka mara mbili. Kisha akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia maishani: brashi ya gundi ikipita juu ya mbao.

Nje, mwanamume akasoma polepole, kama mtu anayeandika huku akijisifia mwandiko wake.

"Bureau... imekutwa... tupu. Hakuna... mutu... ndani. Scellé imebandikwa saa saba na dakika kumi. Point."

Nuru akachomoka chini ya meza. Kitambaa kikabaki kwenye msumari.

"Mimi niko ndani!"

Kalamu ikaendelea kukwaruza.

"Eh! Munasikia? Niko ndani!"

Upande wa pili wa mlango, kalamu ikaanguka.

Scellé, kwa msomaji ambaye hajawahi kukosana na Serikali, ni karatasi nyembamba yenye mhuri, inayobandikwa nusu kwenye mlango na nusu kwenye fremu. Mtoto anaweza kuichana. Lakini anayeichana analala gerezani, hata kama mlango ni wake, hata kama yuko ndani na anataka kwenda chooni. Nuru aliutazama mlango, akatazama dirisha. Dirisha lilikuwa na vyuma vya antivol, vya kuzuia wezi, ambavyo yeye mwenyewe aliagiza viwekwe mwaka jana. Alikuwa amemsisitizia fundi aache nafasi ndogo, mkono upite, kichwa kisipite.

Fundi alifanya kazi nzuri sana.

Uso ukatokea dirishani. Ulikuwa wa Inspekta Hilaire wa idara ya mikataba, mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi na ndevu chache kwenye ncha ya kidevu. Kuhusu ndevu hizo hatutasema zaidi kwa sasa.

"Madame Nuru," akasema kwa sauti ya chini. "Unafanya nini mule?"

"Niko mu bureau yangu, chef. Wewe ndiyo useme unafanya nini pale inje."

"Lakini niligonga!"

"Uligonga, ukafunga. Kati ya kugonga na kufunga haukupumua hata kidogo."

"Bon. Sasa tunafanya aje?"

"Unabandua ile karatasi, ninatoka, tunasalimiana."

Hilaire akatazama kushoto, akatazama kulia. Kwenye libongo la Lubunga, hapa ukingo wa kushoto, mahali boti zinapoegeshwa, watu walikuwa wameanza kusogea. Mama muuza makayabu, samaki wa chumvi, alikuwa ameacha meza yake. Mwendesha toleka aliyemleta inspekta alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani ili asikie vizuri. Na chini ya dirisha, mtu fulani alikuwa ameshageuza ndoo na kupanda juu yake. Huyo tusimtaje.

"Siwezi," akanong'ona Hilaire. "PV, ripoti yangu, inasema bureau iko tupu. Nimeshaweka signature. Nikifungua, mutu anatoka, PV yangu inakuwa bongo, uongo mutupu. Inspekta mwenye PV ya bongo, kazi yake inaisha siku ile ile." Akakamata chuma cha antivol kwa vidole vyote. "Madame, tafazali. Haiwezekani usikuwe ndani?"

Nuru akamtazama. Ndipo akaelewa jambo lililomfanya avute kiti na kukaa. Alifungiwa, ndiyo. Lakini aliyemfungia alikuwa amejifungia naye.

"Inawezekana," akasema. "Ninaweza kukosa kuwa ndani mpaka kesho, kimya kabisa. Lakini kwanza unisomee juu ya nini bureau yangu inafungwa."

"Haiko ruhusa."

Nuru akavuta pumzi na kuinua sauti. "Batu ya Lubungaaa!"

"Ninasoma, ninasoma!"

*

Amri ilikuwa fupi. Mkataba wa Serikali ya Mkoa na Vuka Salama umekufa. Ifikapo saa tisa alasiri ya leo, boti iitwayo Salama itafungwa kwa mnyororo. Sababu: kifungu cha kumi na nne.

Nuru alikijua kifungu hicho kama anavyojua jina la mama yake. Serikali ilikuwa inalipa Vuka Salama ivushe wajawazito na wagonjwa kutoka ukingo wa kushoto mpaka hospitali iliyo ng'ambo. Kwa hiyo Serikali ilitaka kujua wakati wote ni nani anayeshika shirika, ni nani mwenye neno la mwisho. Shirika likitaka kupita kwenye mikono mingine, lazima liombe ruhusa siku sitini kabla, kwa maandishi, na lingoje jibu. Kupita huko, mkataba ulikuita kwa Kifaransa changement de contrôle. Anayebadilisha mikono kimya kimya anapoteza mkataba. Hakuna faini, hakuna onyo.

"Lakini hakuna kitu kimebadilika," akasema Nuru. "Tonton Abdulhamid ndiye président tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye ninaendesha. Nani amebadilika?"

"Mulikubali ninyi wenyewe," akasema Hilaire. "Tuliuliza kwa barua mwezi wa saba: je, kumekuwa changement de contrôle? Mukajibu oui."

"Nani alijibu?"

Kabla hajapata jibu, umati ukapasuka katikati. Akapita Émile, dereva wa boti, mtu wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko, mwenye mabega kama kabati. Alikuwa amebeba mnyororo mpya begani. Hakuubeba kwa furaha.

"Yaya Nuru, dada yetu, polisi ya libongo imenipa kitu hii. Banasema saa tisa nifunge boti." Akauangusha mnyororo chini. "Na Josée je?"

Hapo kila mtu akamgeukia, hata mama wa makayabu. Josée ni mke wa Émile. Ana mapacha tumboni na mmoja amelala kwa upana. Daktari wa ng'ambo amesema asikose kufika kesho asubuhi, wampasue kabla uchungu haujaanza.

"Nimevusha bibi za batu wote," akasema Émile. "Mia mbili na zaidi. Wangu ndiyo nimupandishe mu pirogue ya kasia, na maji imejaa hivi?"

Nuru akakamata vyuma vya dirisha. Mlango ulikuwa hatua nne nyuma yake, na karatasi moja nyembamba ilikuwa nzito kuliko mlango wenyewe.

"Chef," akamwambia Hilaire, "nipe ile barua. Niione kwa macho yangu."

Barua ikapita katikati ya vyuma.

*

Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa cha kupendeza, kwa mwandiko wa mviringo, na chini yake ilikuwa na sahihi ya Tonton Abdulhamid, mjomba wa Nuru, na cachet. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa saba, wiki ile Nuru alipokuwa Banalia kwenye matanga ya baba mkwe wake. Tunaitafsiri hapa kwa faida ya umma:

"Mheshimiwa, tuna heshima isiyo na mipaka kukujulisha kwamba ndiyo, changement de contrôle imefanyika. Tangu mwanzo contrôle ilikuwa ya Mardi. Lakini Mardi alituletea mvua na matatizo mengi, na wafanyakazi walikwisha kumchoka. Kwa hiyo tumemwondolea Mardi contrôle yote na kumkabidhi Jeudi, ambaye mpaka leo hajatuangusha hata mara moja. Pokea, Mheshimiwa, heshima zetu zinazobubujika."

Nuru akasoma mara moja. Akasoma mara ya pili. Mabega yake yakaanza kutikisika. Hilaire akadhani analia, akatoa leso, akaipitisha dirishani kwa heshima.

"Usilie, Madame. Tuambie tu. Huyu Jeudi ni nani?"

Nuru akajifunika uso kwa leso.

"Tumemutafuta wiki tatu," akaendelea Hilaire. "Lubunga muzima. Tulipata Jeudi mumoja, fundi wa viatu, akakana kabisa. Mukamupa shirika mutu asiyekuwa na adresse?"

"Chef," akasema Nuru akipangusa macho kwa leso ya Serikali. "Jeudi iko siku."

"Siku gani?"

"Ile inakuja kisha Mercredi. Alhamisi."

Hilaire akahesabu siku kwenye vidole.

Émile ndiye aliyemaliza kazi. "Contrôle, chef, ni mimi ninafanya," akasema. "Kila wiki. Ninahesabu magilet ya kuogelea, ninapima moteur, ninaangalia kama maji inaingia. Zamani ilikuwa Mardi, ni kusema Jumanne. Mwezi wa saba mvua ikatutesa kila Mardi, alors tukasogeza Jeudi. Wewe mwenyewe ulikuja kutuona Jeudi ya kwanza. Ulikaa pale kwa kiti ukakula ndizi."

Umati ukacheka. Mwendesha toleka akacheka mpaka baiskeli ikaanguka. Aliyekuwa juu ya ndoo hakucheka. Lakini tumesema hatutamtaja.

Na tazama jinsi uso wa Hilaire ulivyobadilika! Hakukasirika. Alianza kung'aa. Kama sababu ya amri imekufa, basi amri nayo imekufa. Kama amri imekufa, scellé inaweza kubanduliwa "kwa kosa la tafsiri," na hakuna atakayeuliza nani alikuwa ndani. Akatoa simu, akampigia mkuu wake aliyekuwa Bengamisa kikazi, akaongea akiwa ameupa umati mgongo. Oui, chef. Non, chef. Jeudi, chef, siku ya juma.

Akarudi anatabasamu.

"Amesema hivi: kama hakuna karatasi ingine yoyote inaonyesha contrôle imepita mikono mingine, ninabandua sasa, na mukataba unaendelea."

Akainamia mlango. Akanyoosha ukucha wa kidole kidogo. Akakamata pembe ya karatasi.

"Usiguse!" ikasema sauti.

*

Pikipiki mpya ilikuwa imesimama nyuma ya umati, na juu yake Thierry. Thierry huuza injini za boti, huvaa viatu vyeupe mahali penye tope, na huita kila mtu ndugu. Akashuka, akapita, akatoa bahasha ya plastiki mfukoni kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Bandugu, mumemutafuta Jeudi wiki tatu," akasema. "Mimi ndiyo Jeudi."

Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. "Mimi, Abdulhamid, président wa Vuka Salama, ninampa Thierry contrôle ya boti Salama, yote, kuanzia leo." Sahihi. Cachet. Tarehe: siku mbili kabla ya ile barua ya Mardi na Jeudi.

Nuru akahisi chumba kikipungua. Boti ile ndiyo shirika. Anayeshika boti ameshika kila kitu.

"Unajua ukionyesha karatasi ile mukataba unakufa?" akamuuliza. "Serikali haitakulipa hata wewe."

"Mukataba ufe," akasema Thierry. "Mimi nilitaka boti. Soko ya Isangi iko inalia michele, chumvi, simenti. Gunia halipigi kelele, yaya. Gunia halizai katikati ya mto."

Émile akapiga hatua moja. Watu watatu wakamshika, na hawakutosha.

Hilaire aliisoma ile karatasi mara tatu, akiisogeza mbali na karibu na miwani yake. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa pingu kisha akafungwa kamba. "Hii," akasema, "haiko siku ya juma."

"Mwiteni Tonton," akasema Nuru.

Tonton Abdulhamid hakuwa na haja ya kuitwa. Alikuwa anakuja, amekaa nyuma ya toleka, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa, kanzu ameikunja isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Babu zake walikuja Kisangani na misafara ya biashara, na yeye amejenga boti miaka hamsini. Salama aliijenga kwa mikono yake. Aliposhuka, hakuna aliyecheka tena.

"Tonton," akasema Nuru kupitia vyuma, "ulimupa Thierry shirika?"

"Mimi?" Mzee akamtazama Thierry, akamtazama inspekta, kisha akashangaa kumwona mpwa wake nyuma ya vyuma. "Juu ya nini uko mule ndani?"

"Siko ndani, Tonton. Uliza chef. Jibu kwanza."

"Nilimupa contrôle," akasema mzee. "Alituuzia moteur mpya. Akasema kwa garantie lazima yeye aje kufanya contrôle kila mwezi. Nikasema vizuri sana. Nani atakataza mutu kupima moteur?"

"Hapa hapasemi moteur, Tonton."

"Inasema. Contrôle ya moteur ya boti Salama. Niliona kwa macho haya."

Hilaire akamwonyesha. Mzee akavaa miwani, akatafuta neno kwa kidole, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, na tena kutoka mwanzo. Akavua miwani.

"Basi nimezeeka," akasema. "Niliona kitu hakikuwa."

"Umri, ndugu zangu," akasema Thierry kwa huruma, akaangalia saa. "Saa tisa kasoro robo."

Émile akakaa juu ya mnyororo. Kule mtoni Salama ilikuwa inachezacheza na kamba yake, rangi ya bluu, na paa lake la turubai alilolishona Josée mwenyewe.

Nuru akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Mbele vyuma, nyuma scellé. Mwanaume wa Serikali hawezi kufungua, mwanaume wa biashara hataki, na mwanaume anayempenda kuliko wote amesimama juani anaamini akili yake imeharibika. Hapo ndipo hasira ilipomshika. Si hasira ya kelele. Ile inayomfanya mtu asome.

"Nipe karatasi zote mbili," akasema.

Akaziweka mezani, moja kando ya nyingine. Barua ya Jeudi. Hati ya Thierry. Akainama.

Mwandiko ulikuwa mmoja.

Ule ule wa mviringo. Herufi t zilizokatwa kwa mstari mrefu kama fimbo ya mwalimu. Na juu ya o la contrôle, kile kikofia kidogo, kimechorwa kwa madaha, kimeinama upande mmoja kama kofia ya mtu anayekwenda kwenye sherehe. Nuru alikuwa amekiona kikofia kile kwenye barua nyingine nyingi. Barua za kuomba sabuni. Barua za kuomba biskuti. Barua za kueleza kwa nini mwalimu wa nidhamu amekosea tena.

"Tonton," akauliza bila kugeuka. "Nani alikuandikia?"

Mzee akatazama ardhi. "Nilimwahidi sitasema. Alisema shuleni watamfukuza."

"Walikuwa wangapi mule, siku ya kuandika?"

"Mimi, Thierry, na... yule. Kwanza alinisomea brouillon, ile karatasi ya kujaribia. Nikaipenda, nikapiga cachet. Kisha akaandika safi."

Nuru akatembea polepole mpaka dirishani. Akaweka uso wake kwenye vyuma kama anayetaka hewa. Akatazama mto. Akatazama mawingu. Kisha, bila kutazama chini, akapitisha mkono katika ile nafasi ndogo ambayo fundi aliiacha, mkono upite, kichwa kisipite, na akakamata sikio la mtu aliyesimama juu ya ndoo.

*

Basi.

Sikio lilikuwa langu.

Ninaungama mbele ya watu wa Lubunga na wasomaji wa gazeti hili, huku nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole. Mimi ndiye Nadia, mdogo wake Nuru. Nasoma bweni, niko nyumbani kwa likizo, shule inafungua Lundi, Jumatatu. Mlijiuliza wiki zote hizi nimejuaje kwamba goti lake lilikanyaga chikwangue? Dirisha. Mlijiuliza kwa nini sikusema nani aliandika barua? Sasa mnajua. Wiki jana niliwaandikia kwamba "hakuna kiumbe aliyeona" Hilaire akibandika ile karatasi. Kiumbe alikuwepo. Kiumbe alijua yaya yuko chini ya meza, akaona inachekesha, akanyamaza.

"Sema," akasema Nuru, na sikio likaenda juu kidogo.

Nikasema. Barua ya Jeudi niliiandika kwa moyo safi. Kwetu bweni, contrôle ni siku Ma-Soeur, mtawa wetu, anapofungua godoro lako kutafuta simu, na siku ile ikihamishwa ni habari kubwa kweli kweli. Serikali iliuliza kama contrôle imebadilika. Ilikuwa imebadilika. Maneno ya Mardi kuchokwa na Jeudi kutotuangusha niliongeza mimi, ili Mheshimiwa acheke ofisini.

"Na hii?" Hati ya Thierry.

Hii haikuwa na moyo safi. Brouillon ilisema contrôle ya moteur. Tonton aliiona, hakuota. Kisha akaenda kusali adhuhuri, na nilipokaa kuandika nakala safi, Thierry akasema neno moteur linaharibu mstari, kila mtu anajua ni moteur, liondoe. Akaniletea mikate ya mafuta kumi na soda mbili. Nikaliondoa. Aliporudi, Tonton aliweka sahihi bila kusoma tena, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimemsomea.

"Mutoto anasema uongo," akasema Thierry. Lakini alisema akielekea pikipiki, na Émile alikuwa tayari amekaa juu ya kiti chake, mikono imekunjwa.

Émile hakunitukana. Alinitazama tu. Nilikuwa nimeandaa majibu ya matusi yote ya Lubunga, ya Kiswahili na ya Lingala. Kwa macho yale sikuwa na jibu. Tonton naye alinishika begani, akauliza taratibu, "Donc sijazeeka?" Nikasema hapana, Tonton. Hapo machozi yakanitoka, na si kwa sababu ya sikio.

"Maneno ya mutoto hayatoshi," akasema Hilaire. Alikuwa ameshatoa kalamu, na matumaini yalikuwa yanamrudia usoni. "Lakini brouillon yenye neno moteur, na cachet ya mzee juu yake? Ile ingetosha. Ningebandua sasa hivi. Iko wapi?"

Nikatazama ndoo.

"Nadia," akasema yaya.

"Mu tiroir," nikasema. "Ya meza. Chini ya sanduku ya wino."

Nuru akaliachia sikio. Alikuwa peke yake katika chumba ambacho hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuingia, na ushahidi ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akavuta droo.

"Yaya, ngoja! Yaya, nakuomba, soma upande mumoja tu!"

Kwa maana karatasi zilikuwa chache, ndugu wasomaji. Na ile Jeudi ya kwanza, Inspekta Hilaire alipokaa akila ndizi wakati Émile anahesabu magilet, mimi nilikuwa pembeni na penseli, na karatasi pekee iliyokuwepo ilikuwa ile brouillon.

Nuru akaiinua. Neno moteur lilikuwepo, kubwa, na cachet ya Tonton juu yake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza leo. Kisha akaigeuza.

Tabasamu likaganda. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Hilaire. Akaiangalia karatasi tena.

Ni mbuzi. Amevaa gilet ya kuogelea. Ana ndizi mdomoni, miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na kidevu ambacho, ninaungama, nilikifuta na kukichora upya mara tatu mpaka kikafanana. Kutoka kwenye paji lake la uso umetoka mshale, na mwisho wa mshale, kwa ule mwandiko wangu wa mviringo, nimeandika: "Hakuna mutu ndani."

Saa tisa kasoro dakika nne. Inspekta Hilaire akasafisha miwani yake, akairudisha puani, akapitisha mkono wake katikati ya vyuma.

"Lete," akasema. "Nione pande zote mbili."